Mungu, Mizimu na Sanamu: Maneno ya Pamoja na Imani Tofauti Kasongo na Kabambare

Mtafiti anayefika Kasongo, kusini mwa Maniema, hatapata taabu kubwa kuuliza habari za dini kwa Kiswahili. Atauliza juu ya Mungu, na atajibiwa kwa neno hilo hilo: Mwislamu hulitumia, Mkatoliki hulitumia, Mprotestanti hulitumia, na mzee asiyehudhuria msikiti wala kanisa hulitumia pia. Atauliza juu ya sala, sadaka, dhambi, roho, malaika na shetani, na kila mara ataona kwamba neno ni moja. Hapo ndipo penye mtego. Urahisi huu wa lugha humfanya mtu aamini kwamba, maadamu wote wanatamka neno moja, basi wote wanaamini jambo moja. Au atakwenda upande wa pili na kudai kwamba mmoja ndiye mwenye neno, na wengine wameliiba bila kulielewa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai zote mbili hazitoshi. Tunadai kwamba katika Kasongo na Kabambare kila dini iliyoingia ilipokea majina iliyoyakuta, lakini ikavipanga upya vyeo vya wanaoitwa kwa majina hayo. Jina lilibaki na cheo kikabadilika. Kwa hiyo, anayetaka kujua dini moja inaitazamaje miungu au mizimu ya dini nyingine hana budi kuuliza maswali mawili, si moja: wanaitwaje, na wamewekwa wapi? Kamusi zetu hujibu swali la kwanza vizuri. La pili mara nyingi huachwa.

Waungwana na washenzi

Ni lazima kwanza tukumbuke jinsi Kiswahili kilivyofika huko, kwa kuwa kilifika pamoja na dini. David Livingstone aliingia Bambare, mahali ambapo kwa kawaida huhusishwa na Kabambare ya leo, mnamo Septemba 1869. Alizuiwa hapo na vidonda vya miguu kwa miezi mingi ya mwaka 1870, akitunzwa kwa sehemu na wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani, hasa Muhammad Bogharib. Yaani misafara ya Zanzibar ilikuwa imekwisha kuijua njia hiyo kabla ya Mzungu yeyote. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na mji ukakua ukawa na mashamba ya mpunga, bustani za matunda na nyumba za mtindo wa pwani. Tusisahau kwamba mali iliyoujenga ilikuwa pembe za ndovu na watumwa.

Wengi wa watu waliouitwa waungwana katika mji ule hawakuwa Waarabu. Walikuwa watu wa pwani, Wanyamwezi, na hasa wenyeji wa Maniema yenyewe, ambao wengine waliingia wakiwa mateka na baadaye wakashika bunduki, lugha na dini ya mabwana zao. Kutokana na neno hilo tumepata jina la Kingwana, yaani Kiswahili cha sehemu hizo. Kuwa muungwana kulihusu mavazi, usemi, chakula na sala kwa pamoja. Kinyume chake kilikuwa mshenzi, neno ambalo Tippu Tip mwenyewe analitumia mara kwa mara katika tawasifu yake, bila haya wala chuki ya pekee, kama mtu anayetaja kabila.

Jambo hili lina uzito kwa mada yetu. Tofauti baina ya Uislamu na dini ya wenyeji haikuingia Maniema kama mjadala wa kiteolojia juu ya idadi ya miungu. Iliingia kama tofauti ya daraja la watu. Yule aliyetambika kaburini mwa babu yake hakuambiwa kwanza kwamba amekosea hoja. Aliambiwa kwamba ni mshenzi. Hata leo, mzee anaposema kwamba mambo fulani ni ya kishenzi, ni vigumu kujua kama anatoa hukumu ya dini au ya adabu.

Vita vya 1892 hadi 1894 baina ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara hao vilimaliza utawala wao. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikatekwa na majeshi ya Dhanis mwezi uliofuata, na Kabambare ikafuata mwanzoni mwa 1894. Wakubwa waliuawa au walikimbia. Uislamu wenyewe ulibaki vijijini, mikononi mwa walimu wa Kurani ambao wengi wao walikuwa wenyeji. Baadaye tarika ya Kadiria iliingia kutoka upande wa Tanganyika, na serikali ya Kibelgiji ikaitazama kwa hofu. Misaada ya shule ilikwenda kwa misheni, kwanza za Kikatoliki, wala si kwa vyuo vya Kurani. Vikarieti ya Kitume ya Kasongo iliundwa mwaka 1952 na ikawa jimbo kamili mwaka 1959. Kwa upande wao, Waislamu walingoja hadi 1972 ndipo dini yao ilipotambuliwa na serikali ya Zaire kama mojawapo ya dini za nchi. Kwa muda wa miaka themanini hivi, basi, watu wa dini hizi waliishi pamoja bila kuwa sawa mbele ya sheria, huku wakitumia lugha moja.

Jina la Mungu

Tuanze na neno lenyewe lililo kubwa kuliko yote. Mungu si neno la Kiarabu. Ni neno la Kibantu, na asili yake yaonekana katika umbo Mulungu, ambalo hupatikana katika Kiyao, Kinyanja, Kigogo na lugha nyingine kadha za Afrika ya Mashariki. Sauti l ilipodondoka baina ya irabu mbili lilipatikana umbo Muungu, ambalo msomaji wa tenzi za kale amelizoea, na hatimaye Mungu. Maana yake ni kwamba Waislamu wa pwani, walioweza kabisa kubaki na neno Allah peke yake, walikubali kumwita Mola wao kwa jina walilolirithi kutoka kwa wazee wao wasiokuwa Waislamu. Waliliongezea kilemba tu: Mwenyezi, yaani mwenye enzi, neno ambalo nusu yake ni Kibantu na nusu Kiarabu.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu Kurani yenyewe inaeleza kwamba washirikina wa Makka walimjua Muumba wa mbingu na ardhi na kumtaja kwa jina lake. Kosa lao lilikuwa kumshirikisha na wengine, halikuwa kutomjua. Kwa mtazamo huo, mtu anayemtaja Muumba kwa jina la Kiyao au la Kinyamwezi hana haja ya kupewa Mungu mpya. Ana haja ya kuwaondoa washirika. Jina laweza kubaki.

Ndivyo ilivyokuwa pia neno hilo lilipofika bara. Wasongye walioko kusini na magharibi ya Kasongo walikwisha kuwa na Efile Mukulu. Waluba na Wahemba, upande wa kusini, walikuwa na Vidye Mukulu, pamoja na majina mengine kama Leza. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja neno mukulu, yaani mkuu au mkubwa. Umbo hili latufundisha jambo. Kwa Waluba neno vidye, au bavidye katika wingi, laweza kutaja pia roho zenye nguvu zinazohusishwa na mahali fulani, na zinazoweza kumpanda mtu. Ni sifa ya ukuu ndiyo inayomtenga mmoja na wengine. Mswahili anafanya vivyo hivyo anapotofautisha miungu na Mwenyezi Mungu. Hatusemi kwamba imani hizi mbili ni sawa. Tunasema kwamba lugha zote mbili zilikwisha kuwa na nafasi mbili, ya juu na ya chini, kabla ya mhubiri yeyote kufika. Mhubiri alikuja na maoni yake juu ya nani akae wapi.

Wamisionari Wakatoliki walipoanza kazi Maniema walikuta jina limekwisha andaliwa. Padri hakuwa na haja ya kubuni, alisema Mungu. Ni kinaya cha historia kwamba Kanisa lililowaona Waislamu kuwa wapinzani wake wakuu katika sehemu hizo lilihubiri kwa msamiati ambao, kwa sehemu kubwa, Waislamu ndio walioueneza.

Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Nchini Rwanda, ambako watu walikuwa na jina lao Imana, wamisionari Wakatoliki walishikilia neno la Kiswahili, Mungu, kwa muda mrefu, wakihofia kwamba Imana lingeburuta nyuma yake imani zote za kale. Neno ambalo pwani na Maniema lilikuwa ushahidi wa kupokea jina la wenyeji likageuka Rwanda kuwa chombo cha kulikataa. Baadaye Imana lilirudi kanisani. Sidhani kwamba kuna mfano bora zaidi wa kuonyesha kuwa neno halina dini kwa asili yake.

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki upo mfano mwingine ulio karibu kuliko tunavyofikiri, nao ni wa majirani zetu Makalasinga, ambao wengi wa wazee wao walitoka Punjab kuja kujenga reli ya Uganda kuanzia 1896, na ambao hekalu lao la Makindu nchini Kenya hupokea wasafiri wa kila dini na kuwalisha. Mara nyingi huulizwa: je, hawa ni Wahindu? Wanaiaminije miungu ya Wahindu? Kitabu chao kitakatifu, kilichokusanywa mara ya kwanza mwaka 1604 na Guru Arjan, humwita Mungu mmoja kwa majina ya Kihindu kama Ram, Hari na Gobind, na vilevile kwa majina ya Waislamu kama Allah, Khuda na Rahim. Ndani yake zimo hata beti za watakatifu wasiokuwa Makalasinga, akiwamo Farid, ambaye alikuwa Mwislamu. Mtu akisoma haraka atasema kwamba dini hiyo imechanganya kila kitu. Lakini akiuliza swali letu la pili, yaani wamewekwa wapi, ataona kwamba Brahma, Vishnu na Shiva wametajwa humo kama viumbe walio chini ya amri ya Mungu asiye na umbo, wasiostahili kuabudiwa. Jina Ram lilipokewa. Mfalme Ram mwenye pinde na mke hakupewa ibada. Sanamu za Kihindu zilizokuwa kandokando ya hekalu kuu la Amritsar ziliondolewa mwaka 1905 kwa hoja hiyo hiyo, ingawa baadhi ya Makalasinga wa wakati huo hawakuona ubaya wowote katika kuwapo kwake.

Mfano huu hautoki Maniema, wala hatudai uhusiano wowote wa kihistoria. Lakini unatusaidia kuona kwamba kupokea jina na kushusha cheo ni mambo yanayokwenda pamoja, wala si dalili ya unafiki.

Mizimu

Kuhusu Mungu, basi, dini zote zilikubaliana juu ya jina na zote zikamweka juu. Taabu inaanza tunapofika kwa wafu.

Neno mzimu limeenea sana katika lugha za Kibantu, na maana yake ya msingi ni mfu wa ukoo ambaye bado ana uhusiano na walio hai. Katika Kinyarwanda huitwa umuzimu, wingi abazimu, katika ngeli ya watu. Katika Kiswahili cha pwani neno limehamia ngeli ya m-/mi-, na hata maana imesogea: sehemu nyingi za Unguja na Pemba mzimu ni mahali, pango au mti mkubwa au magofu, ambapo watu huweka ubani na chakula. Yule mtu wa ukoo amegeuka kuwa mahali. Kutoka mzizi huo huo tumepata kuzimu, makao ya wafu, neno ambalo watafsiri wa Biblia walilichukua bila shida. Tunaona basi kwamba nyumba ya mizimu iliingia katika Maandiko Matakatifu, lakini wenye nyumba waliachwa nje.

Kabla ya kueleza walikwenda wapi, tutazame kwanza walikuwa akina nani. Livingstone ameandika katika shajara zake habari za mtawala wa Bambare aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla ya yeye kufika, ambaye jina lake aliliandika Moenekuss, bila shaka Mwene Kusu. Aliambiwa kwamba kichwa cha mtawala huyo kimehifadhiwa katika chungu ndani ya nyumba, na kwamba mambo yote ya watu wote hupelekwa mbele yake na kuelezwa kwa heshima, kana kwamba roho yake imo. Habari hizo alizipata kwa kusikia, na msafiri mgonjwa katika nchi asiyoijua lugha yake huambiwa mengi. Tusizichukue zaidi ya zinavyobeba. Lakini hata tukizipunguza, kinachobaki ni wazi: chungu kile hakikuwa na mungu ndani yake. Kilikuwa na mzee. Aliarifiwa mambo kama anavyoarifiwa mzee yeyote katika baraza.

Tippu Tip, mfanyabiashara mwerevu, aliujua uzito wa jambo hili. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyopata utawala wa Utetera bila vita kubwa: alidai kuwa na nasaba na mtawala mzee wa huko kupitia mwanamke wa ukoo huo aliyetekwa zamani na kupelekwa mbali. Wanahistoria wengi wanaona kwamba dai hilo lilitungwa. Liwe la kweli au la uongo, latuonyesha kwamba Mwislamu yule, aliyewaita watu wale washenzi, aliingia madarakani kwa mlango wa wahenga wao. Hakuwaabudu, bila shaka. Alijitia katika orodha yao.

Sasa, mwalimu wa Kurani afanye nini na mizimu? Njia zilikuwa kadha. Angeweza kusema kwamba haipo kabisa, lakini njia hiyo haikuwavutia wengi, kwa kuwa watu walikuwa wameyaona magonjwa na ndoto. Njia iliyotumika zaidi katika Uislamu wa Waswahili ilikuwa kuihamisha. Kurani inakiri kuwako kwa majini, viumbe wasioonekana, wengine wema na wengine waovu. Basi kile kinachosemekana kuwa ni babu anayedai mbuzi chaweza kuwa ni jini anayejifanya babu. Kwa njia hii tukio halikanushwi. Mwenye kutenda ndiye anayebadilishwa. Mgonjwa ataandikiwa kombe, atasomewa, wala hataambiwa kwamba ameota.

Wahubiri Wakristo walikuwa na neno moja tu badala ya yote hayo: shetani, walilolikuta limeletwa na Waislamu. Jini wa Kiislamu aweza kusilimu. Shetani wa mhubiri hana nafasi ya kutubu. Mizimu ilipopewa jina hilo ilishuka ngazi nyingi kwa mara moja. Mtu aliyekuwa babu wa ukoo akawa adui wa Mungu. Kwa maoni yetu, hili ndilo jeraha kubwa kuliko yote katika historia ya maneno ya dini sehemu hizi, na halionekani katika kamusi yoyote, kwa sababu kamusi hutoa maana ya mzimu na maana ya shetani katika kurasa mbili zilizo mbali.

Neno pepo, ambalo lina uhusiano na upepo, lilipata bahati ya ajabu. Pepo mchafu ni shetani, naye hufukuzwa. Lakini peponi ni mahali pa raha ya milele kwa Mwislamu, na Mkristo hulielewa hivyo hivyo. Neno moja limegawanyika, nusu likapanda mbinguni na nusu likatupwa nje. Mizimu haikupata mgawanyo huo wa huruma.

Sanamu

Mfano mwingine ni mfupi zaidi, lakini haupaswi kuachwa. Watu wa nchi ya Kabambare na jirani zake, hasa Wabuyu na Wasikasingo, walikuwa na mila ya kuchonga sanamu za mbao. Nyingi zimo leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na mikononi mwa matajiri wanaokusanya vitu vya sanaa. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi mashariki mwa Kongo na kuchapisha mwaka 1981 kitabu kizima juu ya vinyago hivyo, alisisitiza kwamba ni vya wahenga. Wazungu wa awali waliviita vyote masanamu ya kuabudiwa.

Neno sanamu lenyewe ni la Kiarabu, na katika Kiarabu maana yake ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Ni mojawapo ya maneno makali kabisa ya dini hiyo. Lilipoingia Kiswahili ukali wake ulififia. Mtoto hucheza na sanamu, mchoraji huchora sanamu. Hivyo Wakatoliki walipoleta mfano wa Bikira Maria waliuita sanamu ya Bikira Maria, bila kuona haya na bila yeyote kucheka. Mwislamu mwenye elimu ya Kiarabu, akisikia maneno hayo Kasongo, anasikia Mkristo akikiri kosa kwa kinywa chake mwenyewe. Mkatoliki anasema tu kwamba kuna umbo la gipsamu pembeni mwa altare. Mprotestanti, kwa jambo hili, anakaa karibu na Mwislamu. Na mjukuu wa mchonga vinyago, ambaye huenda amebatizwa, ana haki ya kuuliza kwa nini umbo la mtakatifu wa kigeni linakumbusha na umbo la babu yake linaabudiwa. Swali hilo halijibiki kwa etimolojia.

Msibani

Tumeeleza kwamba ugomvi halisi hauko kwa Mungu bali kwa wafu. Mahali unapoonekana zaidi si msikitini wala kanisani, ni msibani. Kwa kuwa ukoo mmoja wa Kasongo waweza kuwa na Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, na wote huitwa na maiti mmoja. Mwislamu atasoma hitima na kumwombea marehemu kwa Mwenyezi Mungu. Mkatoliki ataomba misa isomwe kwa ajili ya roho yake. Mprotestanti kwa kawaida atakataa yote mawili, akisema kwamba baada ya kufa hukumu imekwisha, atawafariji waliobaki. Hapa mipaka haiko tulipoitarajia: Mwislamu na Mkatoliki, waliotenganishwa na karne moja ya siasa na shule, wanakutana katika kuwaombea wafu, na wote wawili wanakataa kuwaomba. Herufi chache tu zinatenganisha kuombea na kuomba, na teolojia nzima ya mizimu imo katika kiambishi hicho cha kutendea.

Kanisa Katoliki la Zaire lililegeza mpaka huo kidogo. Misa ya utaratibu wa Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ina sehemu mwanzoni ambapo pamoja na watakatifu hutajwa wahenga wa watu, wale walioishi kwa unyofu wa moyo na kumtafuta Mungu kwa msaada wake, waombwe wawe pamoja na waumini. Wataalamu wa teolojia wa Kinshasa walikuwa wamelitetea jambo hilo kwa muda mrefu. Kwa mtu wa Kabambare maana yake ni kwamba babu aliyeshushwa kuwa shetani amepandishwa tena hadi karibu na mtakatifu, katika maisha ya mjukuu mmoja.

Lakini ataitwaje kwa Kiswahili? Hapa mtafsiri ana kazi. Mizimu ndilo neno lililo sahihi kwa asili na kwa maana, na limechafuliwa kwa mahubiri ya miaka mia. Padri akilitamka altareni, nusu ya waumini watatazamana. Wahenga ni neno safi, ila katika masikio ya wengi ni watu wa methali, wasio na jina wala kaburi. Mababu huwaacha nje wanawake, ambao katika koo nyingi ndio waliotajwa kwanza. Wazee hawatofautishi aliye hai na aliyekufa, na pengine huo ndio ubora wake, kwa kuwa mfu wa Bambare aliyewekwa katika chungu chake alikuwa bado ni mzee. Sisi tungechagua wazee, tukijua kwamba mwanaisimu mwenzetu atatulaumu kwa kukosa udhahiri.

Kuna neno jingine ambalo hakuna aliyelichagua na ambalo kila mtu hulitumia. Ni marehemu. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya aliyerehemiwa, yaani aliyekwisha kupata rehema ya Mungu. Kwa sheria ya lugha lilikotoka, ni dua au ni hukumu, na si kila mtu anastahili kuombewa hivyo. Katika Kiswahili limekuwa cheo cha kila aliyekufa. Mwislamu wa Kasongo anapomtaja babu wa babu yake, aliyekufa kabla ya msafara wowote kufika na hakusikia adhana wala kengele, humwita marehemu babu. Binamu yake Mkatoliki humwita vivyo hivyo. Akiulizwa kama babu huyo ameokoka, kila mmoja atasita na kutafuta jibu la mwalimu wake. Lakini akiulizwa jina lake tu, atakuwa amekwisha kutoa jibu kabla hajasita.